Rangi huficha, vanishi husema kweli: Funzo la boti kongwe ya Gisenyi

WAHENGA walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Msemo huo waliambiwa watu wa nchi kavu, lakini sijapata kuuona ukitimia kama nilivyouona katika ufukwe wa Ziwa Kivu, mjini Gisenyi nchini Rwanda, ambako fundi mmoja mzee na vijana wake wawili walikuwa wakiifufua boti ya zamani ya starehe, yenye injini, iliyojengwa kwa mbao za mahogani.

Nilikaa nao kwa siku tisa wakati wa kiangazi, nikishika msasa na kitambaa kama kibarua mwingine yeyote. Ubishi niliowakuta nao ulikuwa mdogo kwa maneno lakini mkubwa kwa fedha: je, boti hiyo ipakwe rangi au vanishi?

Mwenye boti ni mfanyabiashara wa hapo hapo mjini. Anataka kuitumia kuwatembeza watalii kutoka Gisenyi hadi Kibuye, ambako sasa huitwa Karongi, kusini mwa Gisenyi. Kwa maelezo aliyopewa na waliomuuzia, boti ilijengwa enzi za Wabelgiji, kabla Rwanda haijapata uhuru mwaka 1962.

"Mzee, nipakie rangi nyeupe tu. Wageni wanapenda nyeupe, na msimu wao umeshafika," alimwambia fundi siku ya kwanza nilipofika.

"Bwana, rangi nitakupakia hata leo jioni," alijibu mzee bila kuinua macho kutoka kwenye ubao aliokuwa akiukwangua. "Lakini nikishaipaka, mimi na wewe hatutaijua tena boti hii. Tutajua rangi."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nibaki. Maana kwa wengi wetu vanishi ni urembo, kitu cha kung'arisha kabati la vyombo au mlango wa mbele. Kwa mzee huyu, vanishi ni dirisha la kuchungulia afya ya mbao.

Mji, ziwa na jua

Gisenyi ni makao makuu ya Wilaya ya Rubavu, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, mji uliopakana na Goma ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kiasi kwamba mgeni hawezi kujua mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi, isipokuwa kwa kuona kizuizi cha mpakani. Kiswahili kinasemwa sokoni, gatini na kwenye karakana tangu zamani, na mwaka 2017 Rwanda ilikifanya kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi.

Msomaji wa Kigoma angejisikia nyumbani. Jioni wavuvi hutoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikining'inia, kwenda kuvua sambaza. Samaki hao si wengine bali ni jamaa wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, walioletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950.

Hata hivyo, kinachomhusu fundi wa vanishi hapa ni urefu wa mahali penyewe. Uso wa Ziwa Kivu uko zaidi ya mita 1,450 kutoka usawa wa bahari, na si mbali na Ikweta. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa miale mikali ya jua isiyoonekana kwa macho, ile inayounguza ngozi, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Maana yake ni kwamba, anga likiwa safi, ubao ulioanikwa Gisenyi hupigwa na miale mingi zaidi kuliko ubao ulioanikwa Dar es Salaam, japokuwa mwenye ngozi yake anaona hali ni ya ubaridi.

"Watu wanadanganywa na upepo," anasema mzee. "Wanasema Gisenyi hakuna jua. Waulize mbao."

Adui watatu wa mbao

Wakati vijana wakisogeza magogo ya kuegemezea boti, niliketi na mzee akanieleza anachopambana nacho. Adui wa mbao za boti, anasema, ni watatu: jua, maji ya mvua na chuma.

Jua hupenya vanishi na kuuvunja ule uso wa juu wa mbao ambao vanishi imeushika. Ndiyo maana vanishi ya zamani haichakai tu kwa juu kama rangi, bali hubanduka vipande vipande kama ngozi ya nyoka, huku chini yake ubao ukiwa umepauka. Vanishi nzuri ya boti huchanganywa na dawa ya kupunguza ukali wa miale hiyo. Vanishi ya fenicha za ndani kwa kawaida haina kinga ya namna hiyo, tena hukauka ikawa ngumu mno, hivyo ubao ukitanuka na kusinyaa yenyewe hupasuka.

Adui wa pili ni maji, na hapa kuna jambo ambalo watu wa pwani huenda wasilitarajie. Maji ya chumvi huhifadhi mbao kwa kiasi fulani, kwa sababu kuvu wanaoozesha mbao hawastawi kwenye chumvi. Maji baridi ya mvua ni kinyume chake. Yakiingia kwenye kona ya dirisha au mwisho wa ubao na kukaa, unyevu wa mbao ukapita asilimia 20 na ushei, kuvu huanza kazi. Mbao kavu haiozi hata ikae miaka mia. Boti ya ziwani basi haiozi sana kule inakogusa ziwa. Huoza juu, inakonyeshewa.

Adui wa tatu ni chuma. Skrubu za chuma zikishika kutu ndani ya mahogani, utomvu wa mbao hukutana na kutu na kuacha doa jeusi linalotambaa. Boti hii ilifungwa kwa skrubu za shaba nyeusi, lakini waliowahi kuikarabati baadaye walichanganya na za chuma. Kila palipo na skrubu ya chuma, mahogani imelia machozi meusi.

Nikamwuliza mzee kwa nini basi asikubali rangi, kwa kuwa rangi huzuia jua kuliko vanishi. Hakubisha. Alikiri kuwa ubao uliopakwa rangi vizuri hustahimili jua kwa muda mrefu kuliko uliopakwa vanishi, na kwamba sehemu ya chini ya boti, inayokaa majini, ataipaka rangi yake maalumu bila mjadala.

"Lakini huku juu, kwenye kabini na mbavu, nataka kuona," alisema. "Maji yakiingia chini ya vanishi, ubao unabadilika rangi, nami naona siku ile ile. Yakiingia chini ya rangi, nitaona siku nitakapoweka mguu ukazama."

Kilichokuwa chini ya pati

Siku mbili za mwanzo zilikuwa za kukwangua. Vijana walipasha moto vanishi ya zamani hadi ikalainika, kisha mzee akapita na kikwanguo cha chuma alichokinoa kwa tupa kila baada ya dakika chache. Penye kona nyembamba alitumia kipande cha kioo kilichovunjika, mbinu ambayo hata maseremala wetu wa zamani waliijua.

Sharti lake moja lilikuwa kufuata nyuzi za mbao, usizikate. Anayekwangua au kupiga msasa kwa kukatisha nyuzi huacha mikwaruzo ambayo haionekani ubao ukiwa mkavu, lakini vanishi ikiingia huibuka yote kama makovu.

Ilikuwa siku ya pili alasiri, nyuma ya kabini, chini ya dirisha la upande wa kushoto. Hapo vanishi ilikuwa nene kuliko kwingine na yenye wekundu usio wa mahogani. Miaka kadhaa nyuma, mmiliki wa zamani aliwahi kuipeleka boti kwenye karakana moja ya fenicha, ambayo iliipaka vanishi ya makabati iliyotiwa rangi. Ilipobanduka, chini yake tulikuta pati, ile ya kuzibia matundu ya ukutani.

Mzee alichukua bisibisi, akaisukuma kwa kidole kimoja tu. Ikazama hadi kwenye mpini.

Hakusema neno. Alimwita mwenye boti, akampa bisibisi, akamwonyesha mahali. Naye akasukuma. Akaichomoa, akatazama ule unga wa kahawia uliobaki kwenye chuma, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Imefika wapi, mzee?"

Ilikuwa imekula ubao wa ubavu kwa urefu wa mkono mmoja, na ilikuwa imeanza kuligusa taruma, yaani ule ubavu wa ndani ambao mbao zote hushikiliwa kwake. Hapo ndipo panapopokea mtikisiko wa injini na kishindo cha wimbi. Pangepakwa rangi nyeupe pangependeza sana, na watalii wangepiga picha wakiwa wameegemea pale pale.

Ziwa Kivu halina mzaha. Oktoba 3, 2024, boti ya abiria iliyokuwa ikitoka Minova ilipinduka karibu kabisa na gati la Kituku mjini Goma, huku watu wakiitazama kutoka ufukweni, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Iliripotiwa kuwa ilijaza abiria kupita kiasi. Si kisa cha mbao kuoza, lakini kila mtu wa Gisenyi anayegusa boti hukitaja, na hata siku ile kilitajwa. Mtanzania anayeikumbuka MV Bukoba ya mwaka 1996 na MV Nyerere ya mwaka 2018 hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Tangu saa ile sikulisikia tena neno rangi nyeupe.

Mzee alikata sehemu yote iliyooza, akaendelea kukata hadi akafika kwenye mbao yenye afya, kisha akaongeza kidogo kwa tahadhari. Kiraka hakuunganishwa kwa mkato wa wima, maana mkato huo hauna nguvu. Alikata mshazari mrefu, mara nane ya unene wa ubao, pande zote mbili, zikalaliana na kushikana kwa gundi isiyoyeyuka majini. Kwa lile taruma alifanya hivyo hivyo. Vichwa vya skrubu alivifukia na kuvifunika kwa vizibo vidogo vya mahogani, kila kizibo nyuzi zake zikielekezwa sawa na nyuzi za ubao.

Madoa meusi yaliyobaki yalisuguliwa kwa asidi ya oksaliki, chembechembe nyeupe zinazoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu. Ni sumu, hivyo vijana walivaa glavu, na baadaye ubao ukaoshwa kwa maji mengi na kuachwa siku nzima ukauke.

Msasa ulianza mtini

Kabla ya vanishi ni msasa, na kabla ya karatasi ya msasa kulikuwa na mti. Wengi wetu tunaotumia msemo wa kumpiga mtu msasa, kwa maana ya kumnoa au kumfundisha, hatukumbuki kwamba msasa ni mti wenye majani makavu yenye kukwaruza, na kwamba mafundi wa zamani walisugulia mbao majani hayo. Karatasi ilipoletwa kutoka ng'ambo, ilirithi jina la mti.

Mzee huanza na msasa namba 80 kuondoa alama za kikwanguo, kisha 120, kisha 180, na kumaliza na 220. Kila namba ina kazi ya kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, basi anayeruka namba huacha deni. Vumbi la mahogani huwasha koo na macho, kwa hiyo tulifunga vitambaa puani tangu asubuhi hadi jioni.

Baada ya msasa hufuata kufuta. Kwanza brashi kavu, kisha kitambaa chenye tina kidogo, kisha kiganja cha mkono mtupu. Mzee alipitisha kiganja juu ya kila ubao, macho ameyafumba.

"Jicho linataka kumaliza kazi upesi," aliniambia. "Kiganja hakina haraka."

Mkono wa kwanza mwepesi, wa mwisho mzito

Vanishi yenyewe ina utaratibu ambao mtu akiuruka atajuta. Mkono wa kwanza huchanganywa nusu kwa nusu na tina, ukawa mwepesi kama maji. Kazi yake si kung'aa bali kunywewa. Ubao mkavu huufyonza hadi ndani ya vinyweleo vyake, na huko ndiko mikono inayofuata itashikilia. Mkono wa pili hupunguzwa kwa robo, wa tatu kwa kiasi kidogo tu, na kuanzia wa nne vanishi hupakwa ilivyo.

Miisho ya mbao, pale nyuzi zinapokatikia, hupewa mikono miwili au mitatu ya ziada, kwa sababu hapo ndipo ubao hunywa maji kama mrija.

Kati ya mkono mmoja na mwingine hupita saa 24, kisha msasa laini wa namba 320 hupitishwa kidogo ili kuondoa vumbi lililonasa na kuupa mkono unaofuata mahali pa kushika. Ukitaka boti iishi nje, anasema mzee, mikono minane ndiyo kima cha chini. Wajenzi wa boti za Riva za Sarnico, Italia, walioendelea kuunda boti zao maarufu za mahogani hadi mwaka 1996, walikuwa wakipaka mikono mingi zaidi ya hiyo.

Kopo la vanishi halitikiswi hata mara moja, kwani likitikiswa huzaa mapovu, na mapovu yakikauka huwa vishimo. Hukorogwa polepole kwa kijiti, kisha vanishi huchujwa kwa soksi nyepesi ya nailoni na kumiminwa kwenye chombo kingine. Kinachobaki kwenye chombo hakirudishwi koponi, kisije kikachafua chote. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani au vanishi havikunjwi na kutupwa pembeni, kwa kuwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto pasipo mtu kuviwasha. Mzee huvianika kimoja kimoja juu ya mawe, au huvitia kwenye ndoo ya maji.

Muda wa kupaka nao una siri yake. Alfajiri umande wa ziwani hulowesha kila kitu, na vanishi juu ya unyevu huwa na ukungu mweupe. Mchana upepo wa ziwa huanza kuvuma na kuinua vumbi jeusi la mawe ya volkano, ambalo Gisenyi na Goma zimelirithi kutoka Mlima Nyiragongo, uliolipuka Januari 2002 na tena Mei 22, 2021. Kwa hiyo kazi hubanwa kati ya saa tatu asubuhi, umande ukishakauka, na karibu saa saba mchana. Turubai hufungwa juu kuzuia jua lisiikaushe vanishi kwa ghafla, na mmoja wa vijana humwagia maji ardhini kuzunguka boti ili vumbi lilale.

Ndani ya saa hizo nne hakuna maongezi. Brashi huingia theluthi moja tu kwenye vanishi, hupakwa kwa kukatisha ubao, kisha humaliziwa kwa ncha kufuata nyuzi, kutoka pakavu kuelekea palipo pabichi. Kilichokwisha kuanza kushika hakiguswi tena, hata kama umeona nzi ametua. Nzi atatolewa kesho kwa msasa.

Sandarusi yetu

Mkono wa tano ulipokuwa ukikauka, mmoja wa vijana aliniuliza vanishi hutengenezwa na nini. Nikaona kuwa jibu lake lingemfurahisha Mtanzania kuliko mtu mwingine yeyote.

Vanishi ya boti za leo hutengenezwa kwa mafuta yanayokauka pamoja na utomvu wa viwandani. Lakini katika karne ya 19, kabla ya viwanda kugundua utomvu huo, miongoni mwa vanishi zilizotukuka sana Ulaya na Marekani ilikuwa ile iliyopikwa kwa sandarusi ya pwani yetu. Ni utomvu wa msandarusi uliodondoka na kufukiwa ardhini kwa miaka mingi hadi ukawa mgumu kama jiwe. Watu wa Mrima, kuanzia Bagamoyo hadi Rufiji na Kilwa, waliuchimba kwa majembe, ukapelekwa Unguja, na kutoka huko ukasafirishwa kwa majahazi na merikebu.

Marekani ilikuwa na mkataba wa biashara na Sayyid Said tangu mwaka 1833, na mwaka 1837 ikamleta balozi wake mdogo Unguja, Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts. Wafanyabiashara wa Salem walinunua pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Sandarusi iliposafishwa, uso wake ulionekana na vipele vidogo vidogo kama ngozi ya bata bukini, na hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya ubora. Iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani ya moto na kuzimuliwa kwa tapentaini. Magari ya farasi na fenicha za matajiri ziling'aa kwa jasho la wachimbaji wa Mrima.

Sandarusi mbichi, ambayo haijakomaa ardhini, Waswahili waliiita chakazi na haikuthaminiwa kama iliyokomaa. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita pwani hiyo miaka ya 1850, aliandika kwamba wafanyabiashara wa Kizungu waliligeuza neno hilo chakazi wakalitamka kama jina la punda dume kwa Kiingereza.

Na hata bila vanishi, mafundi wetu wa majahazi walikuwa na kinga zao: sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, kwa mbao za juu ya maji, shahamu na chokaa kwa zile za chini, na kalafati ya pamba kwenye maungio. Elimu ya kuvisha mbao nguo ili zisiuawe na jua na maji haikutufikia kutoka nje ikiwa mpya.

Mbao hizi haziji tena

Mzee anasema jambo moja linalomfanya awe mkali kuhusu kila kipande anachokata: mbao ya namna hii haipatikani tena kirahisi.

Mahogani ya asili ni mti wa Amerika, na biashara ya kimataifa ya aina yake kubwa imewekewa udhibiti wa mkataba wa CITES tangu mwaka 2003. Ndugu yake wa Afrika, ambaye sisi tunamwita mkangazi, aliwekwa katika orodha hiyo kwa uamuzi wa mwaka 2022 pamoja na mkongo na mninga. Miti hiyo haijapigwa marufuku, lakini kuivusha mpaka kunataka kibali kinachoonyesha kuwa haikuvunwa ovyo.

Rwanda yenyewe ina umuyove, mti mkubwa wa ukoo huo huo wa mahogani. Mmoja wa aina hiyo, uliopimwa Mlima Kilimanjaro na kutangazwa mwaka 2016, una urefu wa mita 81.5, na ulitajwa kuwa mti mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika. Lakini msitu wa Gishwati, ulio milimani si mbali na Gisenyi, ulifyekwa kwa mashamba, malisho na makazi hadi ikabaki sehemu ndogo tu, na mwaka 2015 ndipo ilipotungwa sheria ya kuanzisha Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura kuokoa kilichobaki.

Kwa hiyo kiraka alichokitia mzee chini ya dirisha kilitoka kwenye mlango wa zamani wa mahogani alioununua katika nyumba iliyobomolewa. Alikuwa ameuhifadhi kwa miaka, akisubiri siku utakapohitajika.

Mafuta ya Liemba

Ziwa Kivu na Kigoma vina uhusiano mwingine zaidi ya dagaa. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alilifikia Ziwa Kivu mwaka 1894, akahesabiwa kuwa Mzungu wa kwanza kufika hapo, na baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Jina lake ndilo lililopewa meli iliyounganishwa Kigoma, ambayo sisi leo tunaiita MV Liemba.

Mwaka 1916 Wajerumani walipolazimika kukimbia, waliamua kuizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito kila mahali. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Miaka kadhaa chini ya maji ilishindwa na mkono wa fundi aliyefanya kazi yake sawasawa siku ambayo angeweza kusema, ya nini, kwani si inazama?

Mzee alipenda sana kisa hicho. Alinitaka nikirudie ili vijana wake wakisikie vizuri.

Vijana hao ndio kinachomtia wasiwasi kuliko jua na mvua. Wawili tu, na mmoja ameshaanza kuzungumzia pikipiki, kwani pikipiki hulipa kila siku jioni, wakati boti hulipa ikishuka majini. Elimu anayowapa haikuandikwa popote. Iko kwenye kiganja chake, kile kinachopapasa ubao macho yakiwa yamefumbwa.

Mwenye boti naye ana hesabu zake. Amekosa wiki kadhaa za watalii, na atatakiwa kupaka mkono mmoja au miwili ya vanishi kila mwaka, daima. Hakuficha kwamba inamuuma. "Lakini sasa najua nimenunua nini," aliniambia. "Zamani nilijua nimelipa ngapi tu."

Nadhani hapo ndipo penye somo kwa wenye boti wa Mwanza, Kigoma, Bukoba, Mafia na Unguja. Tumezoea kuona chombo kilichopakwa rangi mpya tukakiamini, na mkaguzi naye akakiamini. Rangi si kosa. Kosa ni kuipaka juu ya ubao ambao hakuna aliyeuchokonoa kwa bisibisi. Gharama ya kukwangua kona moja ya dirisha ni alasiri moja ya kibarua. Gharama ya kutokukwangua hulipwa na abiria ambaye hakuulizwa.

Vyuo vyetu vya ufundi, VETA wakiwa mbele, vinafundisha useremala wa milango na vitanda, na ni jambo jema. Katika nchi yenye Tanganyika, Victoria, Nyasa na pwani ndefu ya bahari, ingefaa pia wazee wa namna hii watafutwe wakiwa hai, wapewe darasa na posho, na vijana wapelekwe kwao wakajifunze kuchokonoa, kukata mshazari na kungoja umande ukauke. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwenye boti, ndugu msomaji, ukuta hujengwa juu ya maji.